Mtu Asiyeitwa Shaurini

Nchini India kuna karatasi moja ya serikali inayoweza kugeuza maisha ya ukoo mzima. Ni cheti cha tabaka au cha kabila, kinachotolewa na ofisa wa wilaya na kutaja mtu ni nani na amezaliwa katika jamii gani. Ikiwa jamii hiyo imo katika orodha ya serikali, mwenye cheti anaweza kuomba nafasi zilizotengwa katika vyuo vya umma na katika utumishi wa serikali. Katika ajira za serikali kuu, asilimia 15 zimetengewa Matabaka Yaliyoorodheshwa, yaani hasa Wadalit, ambao kwa karne nyingi walihesabiwa kuwa najisi wasiostahili hata kuguswa, na asilimia 7.5 zimetengewa Makabila Yaliyoorodheshwa, yaani Waadivasi, wenyeji wa misitu na milima. Katika baraza la wananchi la Bunge, viti 84 ni vya kundi la kwanza na 47 ni vya kundi la pili. Sensa ya 2011 ilionyesha kwamba makundi haya mawili kwa pamoja ni robo ya wananchi wote wa India. Wahenga walisema mnyonge hana haki. Katiba ya India ya 1950, ambayo kamati ya kuiandika iliongozwa na B. R. Ambedkar, Mdalit aliyejua dhuluma hiyo tangu utotoni, ilikusudia kuukanusha msemo huo kwa sheria. Ilipiga marufuku utengano wa najisi na ikaruhusu nafasi zitengwe. Lakini nafasi ikishatengwa, lazima pawe na njia ya kumjua aliyetengewa. Hapo ndipo cheti kilipozaliwa, na hapo ndipo mashauri yalipoanzia.

Orodha yenyewe ni ngumu kuliko wengi wanavyodhani. Ibara za 341 na 342 za Katiba zinampa Rais mamlaka ya kutangaza, jimbo kwa jimbo, majina ya jamii zinazohusika, na baada ya tangazo hilo ni Bunge peke yake linaloweza kuongeza jina au kuliondoa. Mahakama haiwezi, wala waziri wa jimbo hawezi. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye orodha lina nguvu ya sheria, herufi kwa herufi, na majina ya jamii katika bara lile yanafanana mno. Katika jimbo la Maharashtra, Wakoli Mahadeo ni kabila lililoorodheshwa, lakini Wakoli wengine wa pwani na wa mjini hawamo. Wahalba wamo, lakini Wakoshti, jamii ya wafumaji wa nguo wa eneo la Nagpur, hawamo, ingawa kwa miaka mingi wengi wao wamedai kuwa ni Wahalba waliochukua kazi ya ufumaji. Wamannervarlu wamo, Wamunnurwar hawamo. Orodha inataja Wadhangad. Jamii kubwa ya wafugaji wa kondoo inaitwa Dhangar, na kwa miaka mingi ilidai kwamba tofauti hiyo ni kosa la kalamu tu. Mnamo Februari 2024 Mahakama Kuu ya Bombay ilikataa dai hilo.

Jambo lililoongeza mvutano ni sheria ya 1976. Kabla yake, makabila mengi ya Maharashtra yalitambuliwa katika wilaya au tarafa fulani tu. Mthakur wa upande huu wa mpaka alikuwa Mwadivasi kisheria, na ndugu yake wa upande wa pili hakuwa. Bunge liliondoa mipaka hiyo, na ilikuwa haki kuiondoa, kwa sababu mstari wa tarafa hauwezi kuugawa ukoo. Matokeo yalionekana kwenye sensa. Mwaka 1971 Maharashtra ilihesabu watu wa makabila wapatao milioni 2.95, mwaka 1981 walifika milioni 5.77. Sehemu ya ongezeko hilo ni watu wa kweli walioachwa nje hapo awali, ambao sasa walihesabiwa. Sehemu nyingine ni watu waliokuwa na jina linalofanana, wakaona mlango umefunguka nao wakaingia. Kuzitenganisha sehemu hizo mbili, mtu mmoja baada ya mwingine, ndiyo kazi ambayo kamati na mahakama za India zimekuwa zikiifanya kwa zaidi ya miaka arobaini.

Hoja ya sura hii ni kwamba kazi hiyo imekwenda vibaya kwa sababu shauri la cheti kilichofutwa lina watu watatu ilhali wanaoitwa mahakamani ni wawili. Yupo mwenye cheti, anayetetea shahada yake, mshahara wake na heshima ya familia yake. Ipo serikali, kupitia kamati iliyokifuta cheti. Wa tatu ni yule kijana Mwadivasi au Mdalit ambaye mwaka ule nafasi ilipogawanywa jina lake lilikuwa mstari mmoja chini ya mwisho wa orodha. Huyo hana wakili wala namba ya jalada, na mara nyingi hajui kabisa kwamba kiti kilichokaliwa na mwingine kilikuwa chake. Kwa kuwa haonekani, huruma ya mahakama humfikia anayeonekana. Na pale mahakama zilipojaribu kuwa kali kwa niaba yake, mara nyingi ukali huo umewaangukia watu wa jamii yake mwenyewe. Makosa haya mawili, huruma iliyopotea njia na ukali uliopotea njia, yana mzizi mmoja.

Shauri linalotajwa kuliko yote ni lile la Madhuri Patil, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya India mnamo Septemba 1994. Dada wawili wa Maharashtra walipata nafasi za masomo kwa vyeti vya Mkoli Mahadeo. Uchunguzi ulipofanywa, kumbukumbu za shule za ukoo wao zilionyesha kwamba walikuwa Wakoli, jamii iliyo nje ya orodha ya makabila. Mahakama ilikubali kwamba vyeti vifutwe. Hata hivyo dada mkubwa alikuwa amemaliza masomo yote ya udaktari isipokuwa mtihani wa mwisho, na mahakama ikamruhusu aufanye, ikisisitiza kwamba ruhusa hiyo isigeuzwe mfano kwa wengine. Katika hukumu hiyohiyo majaji waliweka utaratibu wa nchi nzima: kila jimbo liwe na kamati ya uhakiki ya maofisa watatu, mmoja wao akiwa mjuzi wa jamii za kikabila; kamati iwe na kikosi cha uchunguzi chenye maofisa wa polisi watakaofika kijijini, waangalie daftari za shule, wawahoji wazazi, na wapime mila za ukoo, miungu yake, harusi zake na jinsi unavyozika wafu wake. Na katikati ya maagizo hayo lilikuwamo moja ambalo lingeweza kuzuia sehemu kubwa ya mashauri yaliyofuata: ombi la uhakiki liwasilishwe angalau miezi sita kabla ya mtu kuomba nafasi ya chuo au ya kazi. Majaji wa 1994 walijua tayari kwamba kukagua baada ya kiti kukaliwa ni kuchelewa.

Agizo hilo halikufuatwa inavyostahili. Vyuo na idara ziliendelea kupokea watu kwa cheti kisichohakikiwa, kwa ahadi kwamba uhakiki utafanyika baadaye, na baadaye hiyo ikawa miaka mitano, kumi, ishirini. Ndiyo maana mahakama zilijikuta kila mara mbele ya mtu ambaye kumwondoa kulionekana kuwa ukatili. Mwaka 2000 jopo la majaji watano liliamua shauri la Milind, mwanafunzi wa Kikoshti aliyeingia chuo cha udaktari katika mwaka wa masomo wa 1985-86 kwa cheti cha Uhalba. Kwa upande wa sheria, hukumu ilikuwa imara: orodha isomwe kama ilivyoandikwa, na hakuna mahakama wala kamati inayoweza kupokea ushahidi wa kuthibitisha kwamba Mkoshti ni Mhalba. Lakini miaka kumi na mitano ilikuwa imepita na Milind alikuwa daktari. Mahakama ilisema fedha za umma zimeshatumika kumsomesha, kumnyang'anya shahada hakutamfaidi yeyote, basi abaki nayo bila kudai tena faida ya kabila. Ikaongeza kwamba udahili na ajira zilizokwisha kukamilika zisiguswe. Aya hiyo fupi ikawa kimbilio. Kwa miaka mingi iliyofuata, maelfu ya watumishi wa Maharashtra walioshindwa kuthibitisha kabila lao waliomba kinga ya namna ileile, na mwaka 2014 jopo la majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Bombay liliipanua kinga hiyo kwa wote ambao hawakuthibitika kuwa wadanganyifu.

Neno la hukumu ya Milind linalohitaji kupingwa ni lile la kwamba kumnyang'anya daktari shahada hakutamfaidi yeyote. Kwa shahada yenyewe ni kweli. Kwa nafasi ya kazi si kweli hata kidogo. Kazi ya serikali iliyotengwa ni ya jamii hata inapokaliwa na mtu asiyestahili. Akiondoka leo, Mwadivasi anaweza kuajiriwa kesho. Kila mwaka anaobaki, mshahara wa mwaka huo hauendi kijiji fulani cha wilaya ya Gadchiroli au Nandurbar, ada za watoto wa huko hazilipwi kwa mshahara huo, na mfano wa mtu wa kwanza wa kijiji kuingia ofisini haupatikani. Mahakama iliyapima maumivu ya mtu aliyesimama mbele yake, ikayapata kuwa makubwa, na upande wa pili wa mizani haikuweka kitu. Haikuwa nia mbaya. Ilikuwa kwamba hakuna aliyesimama upande huo.

Julai 2017 Mahakama ya Juu ilimwona mtu wa tatu waziwazi. Katika shauri la Shirika la Chakula la India dhidi ya Jagdish Balaram Bahira na mengine yaliyosikilizwa pamoja nalo, hukumu iliyoandikwa na Jaji D. Y. Chandrachud ilisema kwamba nafasi inapokwenda kwa asiyestahili, anayestahili ndiye anayenyimwa. Ilirejea sheria ya Maharashtra iliyoanza kutumika Oktoba 2001, ambayo kifungu chake cha 8 kinamtwisha mwombaji jukumu la kuthibitisha dai lake, na cha 10 kinaagiza kwamba cheti kikifutwa, faida zote zilizopatikana nacho ziondolewe: kazi, shahada, hata kiti cha kuchaguliwa. Urefu wa utumishi, mahakama ilisema, hauwi kinga. Wala mtu hahitaji kuthibitishwa kuwa na nia ya kudanganya ili apoteze nafasi; nia hiyo ni sharti la adhabu ya jinai peke yake. Uamuzi wa Bombay wa 2014 ukabatilishwa.

Kuna pingamizi zito hapa, na linatolewa na watu wenye nia njema. Linasema hivi: mtumishi wa miaka hamsini, ambaye baba yake alimchukulia cheti akiwa mtoto, ambaye ofisa wa serikali alikitia muhuri na idara ya serikali ikakipokea, ana kosa gani? Wafumaji wa Nagpur hawakuwa matajiri waliojifanya maskini. Nguo za viwandani ziliiumiza kazi yao vizazi kadhaa vilivyopita, na wengi wao waliamini kwa dhati kwamba wao na Wahalba ni damu moja. Serikali yenyewe, kwa vipindi fulani, iliwaandikia vyeti. Leo serikali hiyohiyo inageuka na kuwatupa nje karibu na kustaafu. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na hukumu ya Bahira haikuupa ukweli huo nafasi ya kutosha. Lakini tazama linathibitisha nini. Linathibitisha kwamba mtumishi yule amekosewa na serikali, na kwamba serikali inawajibika kwake. Halithibitishi kwamba deni hilo lilipwe kwa mali ya Mwadivasi. Aliyeuziwa shamba la mwenzake na dalali mwenye muhuri wa halmashauri ana haki ya kumdai dalali na halmashauri. Hana haki ya kubaki na shamba. Kurudisha nafasi ni jambo moja, kumwadhibu mtu ni jingine, na kumfidia aliyepotoshwa ni la tatu. Mahakama zilipoyachanganya, zikaanza kuuliza swali moja tu, kama aondoke au abaki, na jibu lolote likawa dhuluma kwa mmoja wao.

Maharashtra, kwa shinikizo la hukumu ya 2017, ilijikuta ikielekea njia ya kutenganisha. Desemba 2019 serikali ya jimbo iliagiza kwamba watumishi ambao vyeti vyao vya kabila vilifutwa wahamishiwe kwenye nafasi za ziada za muda wa miezi 11, nje ya hesabu ya nafasi zilizotengwa, ili nafasi za asili ziwe wazi kwa Waadivasi. Wapo waliolalamika kwamba huu ni upole kwa walaghai. Malalamiko hayo ni halali kwa yule aliyeghushi daftari. Huyo anastahili kushtakiwa chini ya sheria ile ya 2001, inayotoa kifungo cha miezi sita hadi miaka miwili. Kwa yule aliyepokea cheti kwa imani safi, nafasi ya ziada inayolipwa na hazina ya umma ni suluhisho la haki kuliko yote yaliyojaribiwa, kwa sharti moja: nafasi aliyoiacha ijazwe kweli. Ikibaki tupu mwaka baada ya mwaka, basi serikali imemwondoa asiyestahili bila kumwingiza anayestahili, na mtu wa tatu amesahauliwa mara ya pili.

Sasa nigeukie ukali uliopotea njia, kwa kuwa watetezi wa uhakiki mkali hawapendi kuuzungumzia. Kamati zilizoanzishwa baada ya 1994 zilishika kipimo cha mila kwa nguvu kuliko majaji walivyokusudia. Mwombaji aliyelelewa kwenye ghorofa za Pune aliulizwa jina la mungu wa ukoo, ngoma za harusi, lahaja ya mababu, namna ya kuzika. Akikosea, cheti kilifutwa, hata kama alikuwa na hati ya shule ya babu yake iliyoandikwa kabla ya uhuru. Kipimo hiki kinamdai Mwadivasi awe bado katika hali ileile ambayo nafasi zilizotengwa zilikusudiwa kumtoa. Aliyesoma, akahamia mjini, akasahau nyimbo za bibi yake, anaambiwa si Mwadivasi tena. Na mjanja aliyesoma kitabu cha mila usiku mmoja kabla ya usaili anajibu yote sawasawa. Mwaka 2011, katika shauri la Anand, Mahakama ya Juu ilisema kwamba hati za kabla ya uhuru zina uzito mkubwa zaidi na kwamba mila hubadilika kwa uhamaji na usasa. Machi 2023, katika shauri lililofunguliwa na chama cha Wathakur Waadivasi wa Maharashtra, jopo la majaji watatu lilikwenda mbali zaidi: kipimo cha mila si cha lazima katika kila shauri wala si cha kukata shauri peke yake, na pale ndugu wa damu wa upande wa baba alipokwisha kupewa cheti cha uhalali baada ya uchunguzi wa kweli, mwombaji naye kwa kawaida apewe.

Wanaopinga mwelekeo huu wanasema kwamba hati hughushiwa. Neno moja huongezwa mbele ya neno "Koli" katika daftari la shule, na daftari ni la zamani, wino umefifia, nani atajua? Hatari hiyo ipo. Lakini daftari la kughushi linaweza kupelekwa kwa mtaalamu wa maandishi, likalinganishwa na nakala ya wilaya, likapingwa kwa hoja mbele ya jaji. Jibu la usaili kuhusu miungu ya ukoo haliwezi kupingwa. Linabaki mikononi mwa ofisa aliyeuliza, pamoja na upendeleo wake na njaa yake. Tatizo la kweli la hati ni jingine, nalo ni la kusikitisha zaidi: walio wanyonge kuliko wote ndio wasio nazo. Mwaka 1961, watu wa makabila waliojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 8.5 tu. Ni wangapi kati yao walikuwa na babu aliyeingia shule kabla ya 1950 na kuacha jina lake kwenye daftari? Familia ya msituni ambayo haikuwahi kumpeleka mtoto shule inashindwa na familia ya mjini yenye makaratasi. Ndiyo sababu hati ziwe na uzito zinapokuwepo, na zisipokuwepo serikali itafute yenyewe: rejista za ardhi, vitabu vya vizazi na vifo, kumbukumbu za idara ya misitu, ushahidi wa kijiji kizima unaotolewa hadharani. Ni serikali iliyoweka orodha. Nayo ishiriki kazi ya kuthibitisha.

Suala la ndoa za mchanganyiko linaonyesha jinsi swali la mtu wa tatu linavyosaidia hata pale ambapo hati hazina mgogoro. Kwa muda mrefu mahakama zilifuata tabaka la baba. Januari 2012, katika shauri la Rameshbhai Naika wa Gujarat, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kudhani mtoto amefuata baba ni dhana tu. Mtoto wa mama Mdalit au Mwadivasi anaweza kuthibitisha kwamba alilelewa katika jamii ya mama, akabeba mateso na fedheha ya jamii hiyo. Upande wa pili, mwanamke aliyezaliwa katika tabaka la juu akaolewa na Mdalit hapati haki ya nafasi hizo. Mwaka 2018 mahakama iliamua hivyo dhidi ya mwalimu aliyetumikia zaidi ya miaka ishirini kwa cheti cha namna hiyo, ikageuza kufukuzwa kwake kuwa kustaafishwa. Hukumu hizi mbili zinaweza kuonekana kupingana, lakini zote zinauliza jambo moja: ni nani aliyebeba mzigo ambao nafasi hizi ziliwekwa kuufidia? Kanuni hiyo ilipopuuzwa, madhara yalikuwa makubwa. Rohith Vemula, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu wa Chuo Kikuu cha Hyderabad, alijiua Januari 2016. Mama yake ni Mmala, jamii ya Wadalit, na alimlea kwa kushona nguo. Baba yake ni wa jamii ya Vaddera, isiyo ya Wadalit. Sheria ya 1989 ya kuwalinda Wadalit na Waadivasi dhidi ya ukatili inatumika tu ikiwa aliyedhulumiwa ni mmoja wao. Basi kwa miaka mingi baada ya kifo, badala ya kuuliza chuo kilimtendea nini, maofisa walichunguza kama cheti cha marehemu kilikuwa halali. Na ripoti ya polisi iliyotoka Mei 2024 ilisema hakuwa wa Tabaka Lililoorodheshwa, kabla ya mkuu wa polisi wa Telangana kutangaza kwamba ataomba uchunguzi uendelee. Utaratibu uliobuniwa kumlinda Mdalit dhidi ya wanyang'anyi wa nafasi ulitumika kumpima mama Mdalit na mwanawe.

Katika siasa, ucheleweshaji unaharibu zaidi, kwa kuwa kiti cha uchaguzi kina muhula. Ajit Jogi, aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa jimbo la Chhattisgarh mwaka 2000, alijitambulisha kuwa wa kabila la Kanwar, na dai lake lilipingwa kwa miongo kadhaa. Mahakama ya Juu iliagiza kamati ya ngazi ya juu mwaka 2011; kamati ikatoa uamuzi dhidi yake mwaka 2017, Mahakama Kuu ikautengua kwa kasoro za uundwaji wake, kamati mpya ikaamua vilevile Agosti 2019. Jogi alikufa Mei 2020, bado akiwa mwakilishi wa Marwahi, kiti cha makabila, na mgogoro bado ukiwa mahakamani. Kwa upande mwingine, Navneet Rana alichaguliwa mbunge wa Amravati, kiti cha Matabaka Yaliyoorodheshwa, mwaka 2019. Mahakama Kuu ya Bombay ilikifuta cheti chake Juni 2021 na kumtoza faini ya rupia laki mbili. Mahakama ya Juu ilisimamisha uamuzi huo mwezi huohuo, na Aprili 2024 ikamrudishia cheti. Muhula wake ulikuwa ukingoni. Ikiwa cheti kilikuwa halali, mbunge alifanya kazi karibu miaka mitatu chini ya tuhuma isiyostahili. Kama kingekuwa batili, wapiga kura wa Kidalit wa Amravati wangekuwa wamekosa mwakilishi wao kwa muhula mzima, na hakuna hukumu ambayo ingewarudishia miaka hiyo.

Wapo wanaochukua fujo hii yote kama hoja ya kufuta nafasi zilizotengwa. Wanasema kama hatuwezi kumjua Mwadivasi bila kumpeleka mahakamani, tuache kuhesabu makabila. Machi 2017 serikali kuu iliambia Bunge kwamba ajira 1,832 katika idara na taasisi zake zilidaiwa kupatikana kwa vyeti vya uongo. Watu 276 walikuwa wamesimamishwa au kufukuzwa, kesi 521 zilikuwa mahakamani, na mashauri ya nidhamu 1,035 yalikuwa hayajaisha. Somo la takwimu hizi ni tofauti na wanavyodhani. Watu hawaghushi cheti cha kitu kisicho na thamani. Wizi wa nafasi unaonyesha kwamba nafasi hizo zinabadilisha maisha. Na zaidi ya nusu ya kesi zilikuwa zimelala katika ofisi za utawala, hazijafika hata mbele ya jaji. Kasoro iko katika utendaji, na utendaji unarekebishika. Kufuta nafasi kwa sababu zimeibwa ni kumwadhibu aliyeibiwa.

Kwa hiyo agizo la miezi sita la 1994 lirudishwe mahali pake. Asipewe mtu nafasi iliyotengwa, iwe ya chuo, ya kazi au ya kugombea, kabla cheti chake hakijahakikiwa. Na kamati ikizidisha muda iliopewa, wawajibike maofisa wake, mwombaji asibebeshwe kosa lao. Cheti kikishahakikiwa kwa hati na uchunguzi wa kweli, kiwe cha mwisho kwa mwenyewe na kwa watoto wake, kisifunguliwe tena isipokuwa kwa ushahidi mpya wa udanganyifu. Kwa wale waliokwisha kuingia kwa vyeti batili, walioghushi washtakiwe, waliopotoshwa wafidiwe na hazina ya serikali iliyotia muhuri, na wote wawili waiache nafasi. Na kila hukumu inayothibitisha kufutwa kwa cheti ibebe amri ya pili: nafasi itangazwe upya kwa jamii husika, kwa tarehe iliyotajwa ndani ya hukumu, na idara ilete mahakamani jina la aliyeajiriwa. Wewe msomaji, ukikutana na habari ya cheti kilichofutwa, usiishie kwenye masaibu ya aliyekipoteza wala kwenye furaha ya waliomshtaki. Uliza nafasi ile sasa imepewa nani, na usikubali jibu la kwamba suala hilo halikuwa mbele ya mahakama.